Daftari la harusi liwe moja

Mhariri,

Siku ya tisa baada ya harusi yake, binti yangu alikuja barazani kwangu hapa Ngamiani asubuhi mapema, kabla sijatia uzi kwenye cherehani. Nilifurahi, maana tangu aingie fungate nilikuwa sijamtia machoni. Akaketi kwenye kigoda, akatoa kipande cha leso kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Ndani mlikuwa na ile bangili ya dhahabu aliyopewa mahari. Akaniambia, "Mama, nisindikize kwa sonara. Nataka kuiuza."

Nilidhani kuna mgonjwa. Nikamuuliza nani anaumwa. Akasema hakuna anayeumwa, ni deni la ukumbi.

Neno hilo nimekaa nalo tangu mwaka jana, na leo naomba nafasi katika gazeti lako niliseme kwa wenzangu, hasa sisi wa Tanga ambao Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia haipiti wiki bila maturubai kufungwa katikati ya barabara. Ninachotaka kusema ni kimoja. Pande mbili za harusi ziandike daftari moja. Lisiwepo la kwa bi harusi na jingine la kwa bwana harusi. Liwe moja, liwekwe kwenye mkeka mmoja kabla ya tarehe kutangazwa, na wanaooana wenyewe wawepo walione.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za harusi mwaka wa 22 huu, na mtaani kwetu nimeshawekwa kuwa mshika fedha wa kamati za harusi zaidi ya mara kumi, kwa kuwa kibanda changu kiko wazi kutwa na kila apitaye anaweza kuacha mchango wake. Hesabu za harusi nazijua. Na ya mwanangu bado ilinishinda.

Niseme ilivyokwenda. Mume wangu alifariki binti akiwa darasa la tano, kwa hiyo walii wake, yaani wa kumwozesha, ni ami yake, shemeji yangu, mtu mwema ambaye miaka yote hajatutupa. Mkwe wangu ni fundi wa mafriji, yeye na mwenzake wamepanga fremu Chumbageni. Kwao ni Muheza, baba yake ana shamba la machungwa. Barua ya posa ililetwa, tukaijibu, na mahari akayataja binti mwenyewe: Msahafu, bangili moja na shilingi 500,000. Zawadi za wazee, kilemba cha ami yake na mkaja wangu, tukazitaja kwa kiasi. Wazee wa Muheza wakaomba tungoje msimu wa machungwa fedha zishikike, nasi tukangoja. Mpaka hapo hakuna aliyemficha mwenzake kitu.

Kuficha kulianza tulipoagana mlangoni. Wao wakaenda kuunda kamati yao, sisi tukaunda yetu.

Daftari letu ni kaunta buku, bado liko kwenye droo ya cherehani na nimelitoa hapa ninapoandika. Kurasa mbili za mwanzo zina safu nne nilizopiga kwa rula: jina, ahadi, taslimu, baki. Majina 61. Siku tuliyojumlisha safu ya ahadi tulipata shilingi 4,870,000 na kinamama wakapiga vigelegele palepale barazani. Kesho yake tukaanza kupanga mambo ya 4,870,000. Tukalipa malipo ya mwanzo ya video, mpambaji, gari, ngoma ya kesha, na kila mmoja wao tukamwambia salio lake lipo. Usiku wa kuamkia harusi safu ya taslimu ilisomeka 3,115,000. Zile 1,755,000 zilizobaki hazikuwa mfukoni mwa mtu yeyote, lakini sisi tulikuwa tumeshazila.

Sitaki msomaji aelewe kwamba walioahidi ni waongo. Jirani yangu mmoja aliandikisha 50,000. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, na wiki mbili kabla ya harusi kazi ikasimama. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, akakesha nasi akichochea kuni chini ya sufuria mpaka alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Kwenye daftari langu mtu huyo anasomeka amedaiwa 50,000 na hajalipa hata senti. Kila nikilifikia jina lake nafsi inaniuma, kwa sababu hakuna safu ya mkungu wa ndizi wala ya kukesha.

Basi, habari za 4,870,000 zilifika Muheza kabla ya fedha zenyewe kufika kwangu. Kule wakasikia kamati ya mjini ina karibu milioni tano. Mama wa mkwe wangu akaona wataonekana duni, akachukua mkopo kwenye kikoba chake aongeze begi la bi harusi: madera, vijora, viatu pea nne, manukato, udi. Hilo nimekuja kuambiwa na yeye mwenyewe baadaye, tukiwa wawili jikoni. Alikopa kwa sababu ya namba niliyoiandika mimi, na namba hiyo haikuwa fedha.

Na ukumbi je? Mimi sikuutaka. Nilitaka tufunge maturubai mbele ya nyumba kama kila mtu. Shemeji yangu akasema harusi ya yatima isionekane ya yatima, na ukumbi ataubeba yeye. Nilimshukuru mpaka nikatokwa na machozi. Nisichokijua ni kwamba Ijumaa moja, watu walipokuwa wakitoka msikitini, alimvuta kijana kando akamwambia, "Ukumbi, viti na mapambo ni juu yako mwanangu, nitakurudishia michango ikiingia. Ila mama yake asijue." Kijana akajibu, "Inshallah, mzee."

Angejibu nini? Zimebaki wiki tatu, anayemwambia ndiye walii atakayemwozesha. Alikwenda kwa wakopeshaji wale tunaowaita kausha damu, akachukua 1,200,000 kwa masharti ya kurudisha 1,560,000 ndani ya mwezi, akaacha pikipiki yake ya kazi rehani. Shemeji alikuwa akisubiri ahadi za daftari langu ziingie amlipe. Hazikuingia. Kijana alipata kiasi cha 600,000 kutoka kwenye zawadi za fedha za ukumbini, akapeleka zote. Zikabaki 960,000, na hizo ndizo zilizomtoa binti yangu fungate akaja na bangili kwenye leso.

Katika watu hawa sioni mbaya hata mmoja. Shemeji alimpenda mtoto wa kaka yake. Mama wa Muheza alitaka mwanawe aheshimike. Hata hao maharusi walifichana: binti alikuwa amenunua godoro na jiko la gesi kwa mshahara wake wa duka la dawa, akamwambia mwenzake vimetoka kwangu mimi mama yake. Kila mmoja alikuwa na daftari lake moyoni, kila mmoja akiona haya ya mwenzake, na haya zote hizo zikaenda kukusanyika katika chumba kimoja cha watu wawili ambao hawajamaliza hata siku kumi za ndoa.

Siku yenyewe ilituonyesha, tulikosa macho tu. Ndoa ilifungwa baada ya Adhuhuri. Kwetu tulipika pilau ya kilo 60 za mchele kwa waliohudhuria. Usiku, ukumbini, upande wa bwana harusi ukaleta biriani ya kilo 50, ndiyo walima yao, karamu ya muoaji. Wageni walikuwa walewale! Walioshiba saa nane mchana walikuwa wakiisogeza biriani kwa kidole. Asubuhi tulipeleka sufuria mbili nzima madrasa, watoto wakala wakashiba, alhamdulillah, lakini zile kilo 50 zilikuwa na deni juu yake. Laiti wapishi wa pande mbili wangekutana kwa dakika kumi tu.

Sasa niseme la kazi yangu mwenyewe, maana hili haliandikwi kwenye daftari la kamati yoyote niliyowahi kushika. Sare. Kwa harusi ya binti yangu walishona wanawake 46. Kitenge 25,000, ushonaji 15,000. Hiyo ni 40,000 kwa kila mmoja, na kwa wote 46 inafika 1,840,000. Rudi juu uone pengo la ahadi lilikuwa kiasi gani. Sare peke yake ingeliziba na ikabaki. Wengi waliotoa 40,000 ya sare walitoa 10,000 ya mchango, na siwalaumu, kwa sababu asiye na sare huonekana kuanzia mlangoni, na asiyetoa mchango hujulikana na mshika fedha tu. Wapo walionijia usiku wakaniomba niwashonee kwa mkopo wakamwombe mume fedha ya kitambaa. Nguo hiyo huvaliwa siku moja. Mwezi unaofuata kuna harusi nyingine na rangi nyingine. Najua ninachosema kitapunguza wateja wangu, na nimekubali.

Nikiwa mtoto mambo hayakuwa hivi, wala sisemi zamani watu walikuwa na fedha. Shangazi yangu aliolewa mwaka 1984, wakati sukari ilikuwa ya mgawo na khanga ukiipata umepanga foleni. Nakumbuka bakuli la bati likipita nyumba kwa nyumba, kila mmoja akitia kikombe cha sukari katika mgawo wake. Mchele ulikuja kwa vibaba. Wanawake kumi na mbili walikaa kwenye mbuzi uani wakikuna nazi, nami kazi yangu ilikuwa kuokota vifuu. Bibi alijua kila kilichoingia kimetoka kwa nani, kwa sababu alikiona kikiingia kwa macho yake. Hakukuwa na safu ya ahadi. Kibaba cha mchele hakiahidiwi, huletwa. Kwa hiyo hakuna aliyepika mchele ambao haujafika.

Nilikwenda kuuliza kwa sheikh wetu na kwa msaidizi wa kisheria wa kata, kwa sababu lililoniumiza zaidi ni bangili. Sheikh aliniambia ninachokijua, lakini nilihitaji kukisikia tena: mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, Surat An-Nisaa aya ya 4 imeliweka wazi, na aya hiyohiyo inasema akiachia sehemu yake kwa ridhaa ya moyo wake basi ni halali kwa mume. Ridhaa ya moyo. Binti anayefungua leso mikono ikimtetemeka kwa sababu mkopeshaji aliyeshika pikipiki anapiga simu kila saa, hiyo si ridhaa. Akanikumbusha pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja, na walima yake mwenyewe alipomwoa Bi Safiyya haikuwa na mkate wala nyama. Na walima ni ya muoaji kwa kadiri ya uwezo wake. Ukumbi wa kulipiwa kwa riba haumo humo.

Msaidizi wa kisheria naye alinisomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama mila za mahari au za kupeana zawadi hazikutimizwa. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki, cha mke kinabaki cha mke na cha mume cha mume. Nilimwomba arudie mara mbili. Mambo yote tuliyoyakopea, kwa sheria na kwa dini, hakuna hata moja ambalo ndoa ingekosa kusimama bila lenyewe. Wala sisemi watu wasisherehekee. Mtoto akiolewa nitacheza, na kesha nitakesha. Ninachotaka ni kujua kinacholipwa, kinalipwa na nani, kwa fedha ipi.

Miezi minne iliyopita mtoto wa dada yangu alioa binti wa Sahare, mwalimu wa shule ya msingi. Nikasema safari hii nalishika daftari kwa sharti, na dada akanikubalia. Tuliwaalika wa kwao kabla ya tarehe kupangwa. Walikuja wanne, nasi tulikuwa wanne, na maharusi wawili wakaketi nasi mkekani, binti kajifunika ushungi, kimya. Baba yake alipoona nafungua kaunta buku akasema, "Bibie, tumekuja kuoana au kuhesabiana?" Wengine wakacheka. Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi mwanangu alitaka kuuza mahari yake kulipa viti." Akanyamaza. Kisha akavua kofia, akaiweka gotini, akasema haya, andika.

Tukaandika. Mahari na begi, upande wetu, na begi likawekewa kiwango ambacho mama wa kijana alikitaja kwa mdomo wake mbele ya wote. Chakula kikawa kimoja, sufuria za pande mbili kwenye uwanja mmoja, na wapishi wakajua idadi ya watu. Ukumbi ukafutwa. Safu ya ahadi nikaifuta kabisa. Aliyetoa ndiye aliandikwa, na tulipanga kila kitu kwa kilichokuwa ndani ya kopo siku hiyo. Nikaongeza safu mpya, nikaiita "mkono na vitu": ndizi, nazi, kuni, kukesha, kuazimana sahani. Siku ya kufunga hesabu safu hiyo ilisomwa kwa sauti pamoja na ya fedha, jina kwa jina, na nilimwona mzee mmoja aliyeleta mzigo wa kuni akiinua kichwa.

Sare tukaiacha. Kila mwanamke alinunua doti ya leso kwa 10,000, akaifunga juu ya gauni alilonalo. Nikawaomba waliokuwa wamejiandaa kwa 40,000 watoe kwenye kopo kile moyo utakachoridhia. Wanawake 34 walitoa 20,000 kila mmoja, ikawa 680,000. Leso ile naiona mpaka leo sokoni Mgandini watu wamejifunga.

Palikuwa na jambo moja gumu, na sijui kama tulilimaliza sawasawa. Yule binti mwalimu, tulipofika kwenye kodi ya chumba na sebule huko Mabawa, 70,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita, alisema kwa sauti ndogo kwamba hizo 420,000 atazitoa yeye. Baba yake akakunja uso. Mwanamume kulipiwa pango na mkewe kabla hata hajaoa! Kijana naye akawa anatazama mkeka. Sheikh aliyekuwepo akasema jukumu la kumweka mke nyumbani ni la mume na litabaki la mume, ila binti akitoa kwa hiari yake ni hisani, na asilazimishwe wala asizuiwe. Binti akasema, "Basi iandikwe kuwa nimetoa mimi." Nikaandika, kwa jina lake. Wapo ndugu ambao mpaka leo hawajalipenda jambo hilo. Mimi nalipendelea kuliko godoro la kusingiziwa mama.

Nimeambiwa na watu wazima ninaowaheshimu kwamba kuwekana wazi namna hii kunavunja staha ya wakwe. Naielewa hofu yao, nimelelewa nayo. Lakini shemeji yangu alipojua kwamba binti alitaka kuuza bangili, hakuja kwangu kwa muda wa mwezi mzima. Alikuwa akipita barabara nyingine. Mtu aliyenisaidia kulea watoto miaka kumi na moja! Nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake, tukakaa, akalia kama mtoto. Huo ndio uliokuwa uvunjifu wa staha ninaoujua mimi.

Kwa hiyo nawaomba wenye tarehe za Mfungo Mosi unaokuja, pande zote mbili, mkutane sasa. Sheria inataka notisi ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Hata hizo 21 zinatosha kukaa mkekani mara moja. Kwa walio Tanga mjini wakitaka kuona nilivyopiga safu zangu, madaftari yote mawili yapo, lile lililonishinda na lile la pili, waje wayatazame. Majina ya watu nitayafunika kwa karatasi.

Bangili haikuuzwa. Niliifunga tena kwenye leso nikamrudishia mwenyewe. Nikauza mashine yangu ya ovaloki kwa 500,000, na baba mkwe alipoambiwa ukweli alikuja kutoka Muheza na 460,000 za machungwa yake, pikipiki ikatoka rehani siku hiyohiyo. Ovaloki sijajaliwa kununua nyingine. Pindo za nguo zote napeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, shilingi 1,000 kila nguo, na binti yangu akija kunisaidia kubeba huwa ameivaa ile bangili.

Mama Saumu, fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga